Siku Niliyoomba Kitanda cha Chini

Kifafa kilinianza nikiwa darasa la tano, nyumbani kwetu Handeni, tukipalilia mahindi na mama. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka nilipozinduka, majirani wamesimama mbali pembezoni mwa shamba, na mama peke yake amenishika kichwa. Watu wengi kwetu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe utaanguka. Hata nilipoanza dawa hospitalini na kukaa muda mrefu bila kuanguka, shuleni benchi langu lilibaki la peke yangu.

Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu Korogwe, furaha ya mama haikukaa.

"Huko hawakujui," aliniambia akichambua mchicha. "Meza dawa zako kimya kimya. Ukisema, watakurudisha."

"Na nikianguka mbele yao, mama?"

Aliendelea kuchambua, mpaka majani mazuri akawa anayatupa.

Nilifika chuoni nimeamua kumsikiliza. Kisha nikaoneshwa bweni. Vitanda vilikuwa vya chuma, vya juu na chini, sakafu ya saruji tupu. Changu kilikuwa cha juu. Nilisimama nikakipima kwa macho, kile kimo na ile saruji. Nikaliacha begi pale pale mlangoni.

Nje, wanachuo wapya walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa ofisi ya muuguzi wa chuo, mama wa makamo aliyeuliza kila mtu kwa sauti ya juu: "Una pumu? Kisukari? Kifafa?" Kijana aliyekuwa mbele yangu aliposikia hilo la mwisho alicheka, na wa nyuma wakacheka naye. Nikatoka kwenye foleni kama mtu aliyesahau kitu. Nikarudi mwisho kabisa, nikawa napisha kila aliyekuja, hadi tukabaki mimi na muuguzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una tatizo gani?"

"Nina kifafa. Naomba kitanda cha chini."

Aliniangalia, akaweka kalamu mezani. "Subiri hapo nje," akasema, akaenda kumwita mlezi wa bweni letu.

Nilikaa kwenye benchi nikiwasikia wakizungumza ndani bila kushika hata neno moja. Kila kiti kilipokwaruza sakafu nilijua wanakuja kuniambia nichukue begi langu. Akilini nilimwona mama akiniona narudi na majirani wakiuliza kulikoni. Nilitamani kuondoka mwenyewe kabla sijafukuzwa, lakini nikabaki pale pale kwenye benchi.

Waliponiita ndani, mlezi, mkufunzi mzee mwenye sauti ya kukwaruza, aliniuliza nilianguka lini mara ya mwisho.

"Kabla ya mfungo wa Ramadhani, mzee."

"Dawa unazo?"

Nikamwonesha.

"Bwenini nani anajua?"

"Hakuna."

"Hapo ndipo penye shida. Mimi nalala kwangu Masuguru. Ukianguka alfajiri, nani atakushika? Wenzako lazima waambiwe. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa nyumbani. Hilo la kuambiwa wenzangu sikuwa nimejiandaa nalo. Nikamwomba aseme yeye.

Alisema akiwa amesimama katikati ya chumba, nami nikitazama viatu vyangu. Aliwaeleza kwamba nikianguka wanilaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu, wasinitie kitu chochote mdomoni. Yule kijana aliyecheka kwenye foleni, mwenyeji wa Mkumbara, ndiye aliyekuwa na kitanda kilicho chini ya changu.

"Inaambukiza?" akauliza.

"Haiambukizi," mlezi akamjibu.

Akapandisha godoro lake juu bila kunitazama. Mwingine aliomba kuhamishwa chumba siku hiyo hiyo, akahamishwa.

Wiki zilizofuata niliishi kama mgeni. Nikikohoa, watu wanageuka. Kisha asubuhi moja, tukijiandaa kwenda darasani, ikanijia ile harufu ya mpira unaoungua inayotangulia kuanguka kwangu, ambayo hakuna anayeisikia isipokuwa mimi. Niliwahi kusema, "Inakuja."

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, sweta chini ya kichwa, shuka limefunika suruali yangu iliyolowa. Wenzangu walikuwa wamejazana mlangoni. Karibu yangu alikuwa mmoja tu, yule wa Mkumbara, amechuchumaa.

"Sikukutia kitu mdomoni," alisema.

"Uliogopa?"

"Sana. Hata sasa naogopa."

Sijui kwa nini jibu lile lilinituliza. Labda kwa sababu alikuwa anaogopa na bado alikuwa pale. Tangu siku hiyo alianza kuniuliza kila jioni kama nimemeza dawa, kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai chake.

Hofu yangu haikuisha. Tulipopelekwa mazoezi ya kufundisha, mimi nilipangiwa shule moja ya msingi Makuyuni, na kabla ya kuingia darasani ilinibidi nimwambie mwalimu mkuu. Maneno yalikuwa yale yale. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani ofisini anajua la kufanya?" akauliza.

"Wewe tu, mama."

"Basi uwaambie walimu wengine saa ya chai. Sasa hivi darasa la nne wanakusubiri, hesabu."

Nikachukua chaki nikaenda. Nilifundisha kugawanya nikiwa nimeshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, na watoto wakanakili.