Mama Josias

Haya ninayokusimulia yamenipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwa jirani wala sikuyasoma kwenye simu. Pombe situmii, na siku zile sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe.

Ninaishi Frogtown, mtaa mmoja wa mji wa Saint Paul, Minnesota, huku Amerika, juu ya duka la mboga. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Mwaka ule kampuni ilinipangia mzee mmoja wa Anoka, mji wa zamani kule juu kando ya mto. Mke wake alikuwa ameshafariki, miguu ilikuwa haimbebi tena, lakini akili ilikuwa timamu kabisa. Nitamwita Mzee Harkwell. Mwenyewe nilikuwa namwita Mzee tu, na nilipomweleza kwamba ni neno la heshima alilipenda sana. Akipigiwa simu anajibu, "Mzee anaongea hapa."

Mzee alikuwa na jambo moja tu lililokuwa likimweka hai, nalo ni Josias.

Huyu Josias Harkwell ndiye babu wa kwanza wa ukoo wao kuja Amerika. Aliondoka Uingereza kwa meli akiwa kijana, karibu miaka mia nne iliyopita, akaja kufungua shamba msituni, akaoa, akazaa watoto tisa. Hilo halina ubishi. Ubishi ni ametoka tumbo la nani. Maana kule Uingereza, katika vitabu vya ubatizo vya kanisa, wapo Josias Harkwell wawili wa umri mmoja. Mmoja ni wa kijiji fulani, baba yake mtengeneza ngozi, mama yake Alice. Mwingine ni wa kijiji kingine mbali na hapo, mama yake anaitwa Joan. Wote wawili walibatizwa, wakakua, kisha wakapotea. Hakuna palipoandikwa kwamba walioa, wala kwamba walizikwa. Mmoja alipanda meli. Mwingine, Mungu ndiye anajua alikoishia.

Mzee alishikilia Alice. Dada yake, Ruth, anayekaa Saint Paul, alishikilia Joan. Huyu akitoa karatasi, yule anatoa nyingine inayoipinga. Walibishana mpaka wakaacha kusalimiana. Unaamini? Ndugu wa tumbo moja, vichwa vyeupe wote wawili, wamenuniana kwa ajili ya mama wa mtu aliyekufa zamani hizo!

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Mwaka ule nilikuwa nasikiliza kila kitu namna hiyo, kama mtu aliye chini ya maji. Mama yangu alifariki nyumbani Njombe mwezi wa sita. Makaratasi yangu ya uhamiaji hayakuniruhusu kusafiri, kwa hiyo mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa garini nje ya nyumba ya mteja mwingine, mtandao unakatika kila mara. Walipomaliza kufukia nikaingia ndani nikamwogesha yule mteja. Sikulia. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Nikala, nikalala, nikaamka, nikaenda kazini, na miezi ikapita hivyo.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Desemba. Kule Desemba jua linazama watu wakiwa bado makazini, kiza kinaingia mapema kama kimetumwa. Mimi nimezaliwa Njombe, baridi naijua, lakini ile si baridi, ile ni adhabu. Ukitoka nje kope zinashikana. Nilikuwa jikoni napasha supu, Mzee yuko kwenye kiti chake sebuleni na makaratasi yake magotini. Mlango ukagongwa. Kengele ipo, lakini mgongaji hakuigusa. Aligonga ubao kwa kiganja, kama wanavyogonga watu wa kijijini kwetu.

Nikafungua. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa makamo. Amevaa gauni zito la sufu lililofika chini, kitambaa cheupe kichwani, hana koti wala glavu. Na miguuni ana tope. Tope bichi, linadondoka. Nikuambie kitu: Minnesota mwezi wa Desemba hakuna tope. Ardhi imekuwa jiwe, hata ukiipiga sururu inakurudishia.

Maneno yakanitoka yenyewe: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika.

Hapo ndipo ningepaswa kufunga mlango, sivyo? Sikufunga. Wala sikuogopa. Nilisimama tu.

"Mwanangu alifika?" akauliza.

"Mwanao yupi, mama? Wewe ni mama nani?"

"Mama Josias."

Watu huniuliza alizungumza lugha gani. Niamini, sijui. Nilimwelewa kama ninavyokuelewa wewe, lakini nikijaribu kuyakumbuka maneno yenyewe hayaji, inakuja maana tu.

Nikamwambia niliyokuwa nimeyasikia kwa Mzee kila siku ya Mungu. "Alifika, mama. Alipata shamba. Alioa, alizaa watoto tisa."

"Na kifua chake? Kilikuwa kinambana wakati wa baridi."

"Alizeeka," nikasema. "Alikufa mzee."

Akafumba macho. Akanishika mkono kidogo, akashukuru, akashuka ngazi. Mimi nikatazama theluji ya uani. Zilikuwepo nyayo zangu tu, za tangu asubuhi.

"Nani huyo? Funga mlango, unanigandisha!" Mzee akapiga kelele.

Nilimweleza. Unadhani alibisha? Aliniomba nisukume kiti chake mpaka mlangoni. Akalitazama lile tope kwenye kizingiti, akaligusa kwa kidole, akalinusa. Kisha akanigeukia, macho yamemtoka.

"Alice au Joan?"

"Sikuuliza, Mzee."

"Hukuuliza!"

"Kwetu mama wa mtu haulizwi jina. Ukishajua ni mama nani, imetosha."

Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Akirudi, muulize. Nakuomba."

Kesho yake hakutaka kukaa sebuleni. Alikula pale pale mlangoni, kiti chake kimeelekea nje, blanketi magotini. Jua lilipozama mlango ukagongwa, kwa kiganja kama jana.

Nikafungua, na hakuwa yule wa jana.

Huyu alikuwa mfupi, mnene, jino moja la mbele limeng'oka, mikono myekundu kama ya mtu anayeshinda kwenye maji. Gauni la aina ile ile. Tope lile lile. Salamu yangu hakuijibu.

"Mwanangu alifika?"

"Mwanao nani?"

"Josias."

Nyuma yangu Mzee akaanza: "Muulize! Muulize jina!" Niligeuka nikamwona anatazama, na macho yake yanapita moja kwa moja mpaka barabarani. Hakuwa akimwona mtu. Alikuwa akiiona theluji.

Sikuuliza. Hebu fikiri: hata angenitajia jina, ningejua nini? Alice alikuwa na Josias aliyeondoka, na Joan alikuwa na Josias aliyeondoka. Ni mmoja tu aliyefika, na hata wasomi walioshinda maktaba miaka na miaka hawajui ni yupi. Jibu la kweli lilikuwa moja tu, fupi: mama, sijui.

Lakini yule wa jana nilikuwa nimeshamwambia alifika. Huyu naye amesimama mbele yangu, tope linamdondoka, ananitazama mdomoni.

"Alifika, mama," nikasema. "Alioa, alizaa watoto tisa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ulimwona kwa macho yako?"

Nikababaika. "Nawaona watoto wa watoto wake. Huyu hapa ni mmoja wao." Nikasogea pembeni ili amwone Mzee.

Akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua nguo sokoni. Paji la uso, masikio, mikono iliyolala juu ya blanketi. Kisha akatikisa kichwa.

"Hafanani naye," akasema.

Akanishika mkono wa kulia. Hakunishika kwa nguvu. Aliushika tu, akakaa nao, kama anasubiri niseme neno jingine. Akauachia, akashuka, na uani hapakubaki kitu.

"Amesema nini?" Mzee akauliza. "Nilikusikia ukimwonyesha mimi. Amesema nini?"

"Amesema unafanana naye."

Mzee akalia kama mtoto. Alipotulia nikamweleza kwamba walikuwa wanawake wawili, si mmoja. Akatazama nje, kisha akaniomba nimpigie Ruth simu.

Ruth alikuja Jumamosi, anaendesha mwenyewe taratibu kwenye barafu, amevaa kofia ya manyoya. Walipeana mikono kama watu wa ofisini. Halafu akavuta kiti akakaa karibu na kaka yake, wote wawili wakaelekea mlangoni, wakangoja. Hakuna aliyegonga, siku ile wala siku nyingine. Walikunywa supu yangu, na kabla bakuli halijaisha wakaanza kubishana: yule mfupi ndiye Alice, hapana, Alice atakuwa yule mrefu, mke wa mtengeneza ngozi lazima mikono iwe myekundu, nani kakuambia! Lakini tangu hapo Ruth alikuja kila Jumamosi. Theluji ilikuwa haijayeyuka Mzee alipofariki, na Ruth ndiye aliyekuwa amemshika kichwa.

Baada ya mazishi alinivuta pembeni. "Mimi sitamwambia mtu," akasema. "Yule mama alisema kaka yangu anafanana na mwanawe, kweli?"

"Kweli," nikamjibu. Ningemjibu nini? Kaka yake yumo kaburini na ameridhika.

Sasa, mkono wangu. Ulianza kufa ganzi usiku ule ule alioushika yule mama wa pili, nikiendesha gari kurudi Frogtown. Vidole vilikuwa havisikii usukani. Nilidhani ni baridi. Mpaka leo mkono huu unafanya kazi, unashika, unaandika, unafunga vifungo, lakini hausikii kitu. Daktari ameuchoma sindano, ameupima mishipa, anasema hauna kasoro. Maji ya kuogeshea wazee nayapima kwa mkono wa kushoto. Mara moja niliuweka juu ya jiko la umeme bila kujua, nikajua kwa harufu.

Sikuambii ili unionee huruma. Nimeshazoea. Nakuambia kwa sababu nanyi mna wageni wanaogonga, na siku hizi kila mtu anawachimbua mababu zake kwenye kompyuta, anawaita kwa majina yao yote. Unadhani unaowatafuta hawana wengine wanaowatafuta? Basi akija mtu mlangoni kwako kumuulizia mtu wake, na wewe hujui, mwambie hujui. Hata akitia huruma. Hata akikushika mkono. Ukimwambia hujui, ataondoka akaulize nyumba nyingine. Mimi niliwaambia wote wawili kwamba amefika, na wote wawili wakaacha kutafuta. Mmoja wao mwanawe hakufika. Yuko mahali fulani amelala, sijui wapi, na sasa hakuna tena anayemtafuta.