Ukoko Sawa kwa Wote

Basi liliponishusha nilinusa hewa, nikashangaa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na mji mzima hauna hata harufu ya kitunguu. Nimekula kwa lugha nyingi, lakini mji usionukia jiko ulikuwa mgeni kwangu. Mwenye nyumba ya wageni alinieleza kwamba chakula chao chote kinatengenezwa na vijidudu ndani ya matangi, kisha akanielekeza kwenye bwalo la kiwanda.

"Kamwone Mama Ukoko," alisema. "Ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuunguza."

Nilimkuta jikoni, mwanamke mnene asiye na nyusi, zimekwenda na moto, akikwangua sufuria pana kama mlango. Wali wa matangi, aliniambia, hutoka mweupe na laini, haujui kukosea. Watu waliula weee, kisha wakaanza kununa bila kujua wamekosa nini. Yeye ndiye aliyewatajia ugonjwa wao: kukosa ukoko. Kiwanda kikamwajiri auunguze wali kwa mkono, kila bwalo linapojaa.

"Nikigombana na mume wangu, wote hawa wanakula mkaa," alisema kwa fahari.

Siku hiyo hakuwa na raha. Meneja, aliyemwoa mdogo wake, alikuwa ameleta mashine ya kutoa ukoko wa vipande vinavyolingana, kimoja kwa kila mtu. Wafanyakazi wangeonja mchana huo. Wakiupenda, jiko la Mama Ukoko linafungwa.

"Shemeji, usininunie," meneja alisema akiweka trei mezani. "Watu wanaumizana kwa huo ukoko wako. Juzi mpishi kamng'ata mhasibu."

"Si ndiyo raha yenyewe! Ukoko wa kugawana sawa ni biskuti. Ukoko unagombewa, bwana. Wewe mwenyewe ulimpenda mdogo wangu kwa sababu alikuachia wa kwake."

"Na tangu harusi hajaniachia tena. Unadhani mashine nimeitengeneza kwa nini?"

Bwalo zima likaangua kicheko. Hata Mama Ukoko alicheka, kwa shida.

Foleni ikapangwa. Watu wakachukua, wakatafuna. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, hakuna aliyeficha kipande mfukoni. Mfagiaji mmoja, kijibaba chembamba cha kupeperushwa na feni, alitafuna akiwa amefumba macho.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema.

Mama Ukoko aligeuka. "Ulivyo nini? Si unakula hapa miaka yote?"

"Nakula wali, mama. Ukoko sijawahi kuufikia. Hawa wana viwiko."

Watu wakatazama sahani zao. Mama Ukoko akachukua kipande kwenye trei, akakigeuza huku na huku akitafuta kasoro, akakitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu mno.

"Mtamu," alisema. Kisha akamgeukia meneja. "Mshenzi wewe, mtamu!"

Akavua aproni, akamtundikia shemejiye begani kama kwenye msumari.

"Nakwenda kwako kumsalimia mdogo wangu. Usiku usije na njaa, maana tutakuwa tumekwangua sufuria mpaka mpini."

Akiwa mlangoni alinitazama. "Mgeni, hunifuati?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa ukoko wa mashine. Nilimpungia mkono, nikasogea hatua moja mbele: foleni ya kipande cha pili ilikuwa inakwenda haraka.