Siku Niliyozama Kwenye Kwari Mama Mkwe Akiwa Ukingoni

Shida zangu zilianza mwaka wa 1968 nikiwa na miaka kumi, baba alipofariki nikaachia shule darasa la pili, na tangu hapo sijaomba mtu chakula, kwa hivyo nikiwaambia kuna siku niliaibika mbele ya mtaa mzima wa Kayole, mjue sipendi kuisema.

Ilikuwa '96. Nilikuwa nauza samaki na nimechoka kungojea mashua za watu, nikataka yangu kule ziwani nyumbani. Ouma, fundi wa mashua aliyekuwa na banda karibu na kwari, alikuwa na mbili: mpya, mbao tupu, na kuukuu iliyotoka bwawa la Masinga, imekaa juani mwaka mzima lakini ina rangi ya bluu inayong'aa. Nikachagua rangi. (Sikuwa nimewahi kupanda mashua. Samaki nawajua wakiwa kwenye beseni.)

Ouma akasema, "Mzee, hiyo tuiloweke kwanza, mbao zivimbe zishikane."

Lakini mama mkwe alikuwa ametutembelea, anarudi nyumbani kesho yake, na mashua nilikuwa nimeiandika jina lake, Mama Atieno. Nilitaka anione ndani. "Sukuma kwarini niijaribu," nikamwambia Ouma.

Kwari ni shimo la kuchimba mawe, limejaa maji ya mvua, na hakuna anayejua linaishia wapi. Watu wakajaa ukingoni. Mimi na suti yangu nikapiga kasia hadi katikati, nikawapungia mkono, ndipo nikahisi soksi zimelowa. Maji yalikuwa yanaingia kila kiungo, polepole, bila sauti. Nikaanza kuyateka kwa kofia haraka haraka, maana kuogelea sijui.

"Mzee, unavua ama unaoga?" mmoja akauliza, wakacheka, halafu mashua ikaondoka chini yangu na hakuna aliyecheka tena.

Ouma akanirushia kamba. Nikaishika, lakini suruali ilikuwa imekunywa maji, inanivuta kama mtu amenikamata miguu.

"Vua suruali, mzee. Utakufa."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali hata kwenye chumba kimoja. Ningevua vipi na amesimama pale? Nikameza maji, nikaona giza, nikawaona watoto wangu wakibaki kama nilivyobaki mimi, na bado mkono ulikataa kugusa mshipi.

Ndipo yule mama, ambaye miaka yote salamu zake nilizipata kupitia binti yake, akaniita mwenyewe. "Baba, vua. Nimekupa mgongo."

Akageuka kweli, akajifunika leso kichwani. Nikavua. Nikatolewa nikiwa na tai shingoni, wakanifunga gunia kiunoni.

Jioni nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mke wangu, "Zile nyufa niliziona asubuhi. Lakini mkwe haelekezwi mbele ya watu."

Leo nina ploti Kayole, ng'ombe wanne, banda la samaki, na mashua tatu ziwani, zote nilizinunua mpya na zote zina jina lake. Nazitazama nikiwa nchi kavu. Kupanda, sipandi.