Mlango wa Chumba cha Mitungi

"Shangazi, chumba hakina mtu. Unamgongea nani mlango?"

Nilikuwa darasa la pili nilipomuuliza hivyo. Alikuwa amesimama mbele ya stoo yetu, sikio limegusa ubao. Aligonga, akasubiri, ndipo akafungua. Alinituma chumvi dukani, na chumvi ilikuwepo tele.

Baba, ambaye ni kaka yake, alimtania kwamba iko siku atabisha hodi kwenye jokofu. Mimi nilijaribu kumuiga nikiwa peke yangu nyumbani, nywele zikanisimama. Ukisubiri jibu kwa muda mrefu, unaanza kulisikia.

Shangazi ni fundi kwenye mtambo wa kusafisha maji, upande wa klorini, gesi ya kuulia vijidudu. Habari za kule niliziokota kwa wakubwa. Zamani king'ora cha gesi kilikuwa kinalia ovyo, hata kwa unyevu tu, mpaka msimamizi akaruhusu kichomolewe. Kitasa cha ndani cha chumba cha mitungi ya gesi hiyo nacho kilikuwa kimevunjika, kinasubiri kibali cha matengenezo. Basi wakajitungia utaratibu: mmoja anaingia kwenye mitungi, mwenzake anabaki nje na kugonga mlango kila baada ya muda. Wa ndani akijibu kwa kugonga, yuko salama. Mwenzake shangazi, mcheshi waliyemwita Ngoma kwa kupigapiga kila meza, alitolewa humo mchana mmoja akiwa maiti.

Mwezi uliopita king'ora kipya kilianza vituko vilevile. Msimamizi wa sasa akaja sebuleni kwetu, mpole kama mposaji. Alimwomba shangazi, kwa kuwa wenzake wanamsikiliza, awaambie kichomolewe wiki hii tu, kipuri kiko njiani. Akikataa, kibarua chake kinaweza kuota nyasi.

"Mtagonga mlango kama zamani, dada. Si mlikuwa mnaelewana?"

"Hakichomolewi," shangazi alisema. "Mnifukuze kwanza."

Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba nimemuuliza sasa hivi.

"Namgongea Ngoma, mwanangu. Siku ile niligonga, akajibu. Nikagonga tena, akajibu kwa nguvu, harakaharaka. Nikajua ananichezea, ndiyo zake. Hatukuwa tumepanga mtu agonge vipi akiwa hapati pumzi. Nikacheka, nikawa namjibu kwa mdundo uleule, mpaka akaacha."