Mzoefu wa Masoko ya Mitaji

Yule mama wa Arusha alipopiga simu kusema angekuja Karatu kuuona mfumo wetu wa kompyuta wa kusimamia hoteli, mkurugenzi alifurahi mpaka akasimama. Mama huyo alikuwa na hoteli na kambi kadhaa za watalii. Sisi tulikuwa kampuni changa iliyopanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mteja wa saizi yake alikuwa hajawahi hata kutuuliza hali. Kabla ya kukata simu akauliza jambo dogo: kwenye tovuti yenu kuna mahali pameandikwa "Viongozi Wetu", mbona nikifungua hakuna kitu?

"Panaboreshwa, mama," mkurugenzi akajibu.

Simu ilipokatika akanigeukia. "Dada, paboreshwe leo."

Mimi nilikuwa mkuu wa huduma kwa wateja, na kwa kuwa ilisemekana Kiswahili changu kimenyooka, kila kitu cha kuandika kilitua mezani kwangu. Kuandika hakukunisumbua. Walionisumbua ni viongozi wenyewe.

Tulikuwa wanne. Mkurugenzi, mtoto wa wakulima wa ngano wa Mbulumbulu, alikuwa dereva wa watalii, maisha yake yote ya ujana akishuka na kupanda kreta ya hifadhi. Mkuu wa teknolojia alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia kwenye sekondari moja huko Endamarariek, na juu ya hapo mwalimu wa nidhamu. Kutengeneza programu alijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta za shule, wanafunzi wakiwa likizo. Mkuu wa mauzo, Mmasai wa Nainokanoka, alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Mimi nilikaa mapokezi ya lodge moja kwenye barabara ya kwenda geti la hifadhi. Korona ilipokuja, watalii wakakoma, shule zikafungwa, minada ikadorora, na watu ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja wakajikuta meza moja, wakinywa chai na kulalamika. Kampuni ilianzia hapo.

"Usiandike dereva," mkurugenzi akaniambia. "Mtu akisoma mkurugenzi, halafu dereva, atadhani ni watu wawili."

"Niandike nini?"

Akafikiri. "Si nimeongoza misafara?"

"Umeongoza."

"Ya kimataifa?"

"Wajerumani, Wamarekani, wale Wajapani wa kofia."

"Basi."

Ikawa hivyo: ameongoza misafara ya kimataifa katika mazingira magumu. Mwalimu alitaka ukweli, ila uvalishwe vizuri, kwa hiyo kule kuwavizia wanafunzi wachelewaji getini asubuhi tukakuita uendelezaji wa rasilimali watu. Mapokezi yangu mimi yakageuka mahusiano ya kimataifa. Tukafika kwa dalali. Nilikaa nikitazama skrini, sipati neno. Yeye alikuwa ameegemea dirisha, shuka begani juu ya shati la ofisi, maana ilikuwa miezi ya baridi.

"Dada," akasema, "ng'ombe ni mtaji au si mtaji?"

"Ni mtaji."

"Soko lipo, halipo?"

"Lipo."

"Sasa unahangaika nini?"

Nikaandika: mzoefu wa miaka mingi katika masoko ya mitaji. Tulipousoma ukurasa wote kwa sauti, mkurugenzi alifunga kifungo cha juu cha shati. Hata mimi niliwaogopa hao watu.

Mama alikuja na mshauri wake wa fedha, mzee mmoja wa suti ya kijivu aliyestaafu kazi yake Dar es Salaam. Niliwasikia wanapanda ngazi, na hapo mwili wangu ukafanya mambo bila kuniuliza. Nilipotahamaki, nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, na kwenye sinia kulikuwa na glasi mbili za juisi ya pasheni na vitaulo viwili vilivyolowa maji ya uvuguvugu. Mpaka leo sikumbuki nilivitoa wapi vile vitaulo.

"Karibuni sana! Safari ilikuwaje? Poleni na vumbi," nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu lodge.

Mama akafuta uso, akakitazama kitaulo kikiwa chekundu kwa vumbi, akanitazama mimi.

Mkurugenzi ndiye aliyeonyesha mfumo. Alikuwa amefanya mazoezi siku nzima na alianza vizuri. Lakini mtandao ulikuwa mzito, na ukurasa wa ripoti ukagoma kufunguka. Kwenye ukuta, tulikomulikia picha ya kompyuta, kikawa kinazunguka kile kiduara tu. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye aliinama mbele, akashusha sauti ikawa mnong'ono wa porini.

"Tutulie kidogo," akasema. "Asubuhi ilikuwa hapa hapa. Tukiwa na bahati itatoka."

Wageni wakatulia kweli. Mama akaacha hata kunywa juisi.

"Msisogee," akanong'ona. "Inakuja. Upande wenu wa kushoto... hiyo! Hiyo! Mnaiona?"

"Naiona!" mzee wa suti akasema, naye kwa mnong'ono, akinyoosha shingo.

Ilikuwa ripoti ya mwezi ya vyumba. Mzee akataka kuipiga picha. Kabla hajaipiga, simu yake ikalia, mlio mkubwa wa kwaya. Mwalimu, aliyekuwa akieleza jambo juu ya usalama wa taarifa, hakukatisha sentensi wala hakugeuza macho. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu. Na mzee, mtu mzima mwenye wajukuu, akainuka, akaiweka simu kwenye kile kiganja, akarudi kukaa. Mwalimu akaifungia kwenye droo.

"Utaichukua jioni," akasema, akaendelea.

Nilimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama dari.

Chakula cha mchana tulikwenda kulia kwenye bustani ya mgahawa wa jirani, na nikashukuru kwamba mkuu wa mauzo hakuwa amefungua mdomo mpaka hapo. Nilijaribu kumketisha mbali na mzee. Haikusaidia. Mzee alijisogeza na kiti chake.

"Nimesoma kwamba ulikuwa masoko ya mitaji," akamwambia, uso umemng'aa. "Hata mimi, ndiyo kazi niliyofanya mpaka nikastaafu. Hatuko wengi."

"Kazi ngumu ile," dalali akasema.

"Ngumu! Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Minada zaidi."

"Aa, minada. Ya dhamana za serikali?"

"Dhamana lazima, mzee. Usipopata mtu wa kukudhamini, wanakwambia umeiba."

Mzee akacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwenzake ugenini. "Kweli kabisa! Na ule mwaka bei zilipoanguka, ulifanyaje? Sisi tulilia."

"Sikuuza," dalali akasema. "Watu wanaogopa, wanauza zote, wanapata bei ya bure. Mimi nilishikilia. Nyingine zilikufa, sikatai. Lakini mvua iliporudi, zilizobaki zilinipa faida."

"Mvua iliporudi," mzee akarudia taratibu, kama anayeonja maneno. Akamgeukia mama. "Unasikia? Hawa vijana wa sasa hawana subira ya namna hii." Kisha akamrudia dalali. "Niambie, kabla hujanunua, huwa unaangalia nini kwanza? Mimi kila siku nilianza na uongozi."

"Mimi naanza na meno."

Mzee alikuwa na kipande cha nyama kwenye uma. Uma ukasimama.

"Meno?"

"Meno. Halafu mgongo. Halafu unaitembeza mbele na nyuma, uone kama inachechemea."

"Kampuni?"

"Ng'ombe," dalali akasema, akimshangaa.

Magari ya watalii yalipita barabarani, moja, jingine, na sisi wote tukayafuata kwa macho kama hatujawahi kuona gari. Mama akaweka kitambaa mezani.

"Mkurugenzi," akasema, "ile misafara ya kimataifa ni nini?"

Mkurugenzi akakohoa. "Nilikuwa dereva wa watalii, mama."

"Na huyu aliyefungia simu ni mwalimu."

"Shikamoo, ni mwalimu," akajibu mwalimu, aliyeamkia bila sababu kwa hofu.

"Na wewe dada, vile vitaulo."

"Mapokezi," nikasema.

Nilitegemea acheke, lakini alikasirika. Alisema ametoka Arusha asubuhi na mapema, amepigwa na vumbi, na angeweza kudanganywa huko huko mjini bila kuchoka. Kwa nini, akauliza, dereva na mtu wa mapokezi waamke siku moja watengeneze mfumo wa hoteli? Nani aliwatuma?

Mkurugenzi alinitazama, nami nikamtazama, na nadhani tulikuwa tumechoka kuwa watu wa ule ukurasa.

"Huyu ndiye aliyenituma," akasema, akinionyesha kwa kidole. "Nilifika kwenye lodge yao na wageni sita, jua linazama, bibi mmoja anatapika. Huyu akaniambia jina letu halipo kwenye orodha ya wageni."

"Halikuwepo," nikasema.

"Lilikuwepo! Kampuni ilituma barua pepe."

"Barua pepe ilikwenda kwa mtu aliyekuwa likizo. Mimi ningejuaje?"

"Uliniambia nikalale Mto wa Mbu!"

"Nilikwambia kuna nafasi Mto wa Mbu. Wewe ndiye uliyeniita roboti mbele ya wageni!"

Tukasahau kabisa kwamba tuna wageni. Tuligombana upya, kama siku ile pale kaunta, mpaka mwalimu akagonga meza kwa kijiko. Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akashindwa, akacheka mpaka machozi, na mzee wa suti akafuata nyuma yake ingawa nadhani yeye bado alikuwa anaomboleza yale mazungumzo ya masoko.

"Mambo hayo yananitokea kila wiki," mama akasema alipopata pumzi. "Kila wiki! Mbona hilo hamkuliandika?"

Hakutupa hoteli zake zote. Alitupa kambi moja, ya majaribio, iliyo juu kwenye ukingo wa kreta, na akasema akisikia wageni wamelala nje atakuja mwenyewe bila kupiga simu. Kambi hiyo ilituhangaisha, maana mtandao kule hutegemea ukungu, na mwalimu alikaa huko mpaka akaota ndevu. Lakini hakuna aliyelala nje. Msimu ulipoisha mama akatuongezea nyingine.

Ule ukurasa tuliufuta na kila mtu akaandika wake. Wa mwalimu ulikuwa na sehemu A na sehemu B. Wa dalali ulituletea simu nyingi, zote za watu wanaotafuta mitamba. Mkurugenzi aliandika mstari mmoja: nilikuwa dereva. Aliuona ni wa heshima sana.

Wiki ile ile ya kurasa mpya, mama mzazi wa mkurugenzi alipanda ngazi zetu akihema, na kilemba chake cha kanisani. Jirani mmoja wa Mbulumbulu alikuwa ameonyeshwa tovuti kwenye simu ya mtoto, na habari zilizomfikia mama zilikuwa kwamba mwanawe ameondolewa ukurugenzi, sasa ameandikwa dereva. Alikuja na debe la maharage, kuku mmoja hai, na maneno ya faraja aliyoyapanga njiani.

Akamkuta mwanawe kwenye kiti kile kile. Akasimama akimtazama.

"Wanakuruhusu kukaa hapo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama, mimi bado ni mkurugenzi."

"Ndiyo, baba," akasema kwa upole, akimpapasa kichwa. "Ndiyo."

Maneno hayakusaidia. Alikaa nasi mpaka basi la alasiri, akimsihi mwalimu, aliyemwona ana sura ya ukali na hivyo lazima awe mkubwa, amsamehe mwanawe kwa lolote alilokosea. Mwalimu akaahidi kulifikiria. Tulipomsindikiza stendi na kurudi, kuku alikuwa amelala juu ya kompyuta ya mauzo, na dalali alikuwa amemfungua mdomo, anamkagua.