Mama Mkwe Aliyebaki na Mkamwana

Slavka Dimova alifanya kazi miaka thelathini na mitatu katika kiwanda cha soksi mjini Sevlievo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuivalisha kila soksi kwenye mguu wa mbao, kuigeuza mbele ya taa, na kutafuta kasoro. Yenye kasoro aliitupa kapuni, hata kama aliyeifuma ni shoga yake na bosi kasimama mgongoni. Alistaafu na tabia ile ile. Majirani wa ghorofa ya nne walijua kwamba ukitaka kusifiwa usiende kwa Slavka. Ukitaka kujua kama gauni linakunenepesha, nenda, lakini tafuta kwanza pa kukaa.

Mumewe alifariki mapema. Slavka akaiandika nyumba kwa jina la mwanawe wa pekee, Krasimir, fundi wa lifti, akajibakizia chumba kidogo kando ya jiko. Krasimir akamwoa Vesela, mwalimu wa muziki, wakamzaa Radina. Na kwa miaka kumi na moja mama mkwe na mkamwana waliishi kama paka wawili ndani ya gunia moja. Walizozania chumvi. Walizozania madirisha: Vesela aliyataka wazi, Slavka aliamini upepo ndio uliomuua mumewe, ingawa daktari aliandika moyo. Walizozania akodioni, kinanda cha kukumbatia kifuani, ambacho Vesela alikipiga kila jioni huku ameuegemea ukuta wa chumba cha Slavka.

Kisha Krasimir, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, akanunua pikipiki kubwa nyeusi. Nyuma palikuwa na kiti cha mtu mmoja, na aliyekikalia hakuwa Vesela. Vesela hakulia, angalau si mbele za watu. Alipeleka maombi ya talaka mahakamani, akarudi, akapiga akodioni mpaka sahani zikatetemeka kabatini.

Juu ya talaka yenyewe hawakuvutana. Walivutana juu ya Radina, aliyekuwa na miaka minane na pengo la meno mawili ya mbele.

Jumapili moja Krasimir aliingia jikoni, akafunga mlango, akambusu mama yake shavuni. Slavka akajua kuna jambo. Mwanawe humbusu sikukuu tu.

“Mama, wakili wangu anataka uje kutoa ushahidi.”

“Niseme nini?”

“Useme ukweli. Kwamba Vesela hajui kulea. Hapiki, hafagii, kutwa na kinanda chake. Kwamba mtoto umemlea wewe.”

“Nimemlea mimi?”

“Si unampa supu?”

“Hata paka wa chini nampa supu, mwanangu. Sijasikia akiniita mama.”

Krasimir akavuta kiti. “Hebu sikia. Hakimu akimpa Vesela mtoto, atampa na haki ya kukaa humu. Ndiyo sheria, mtoto haondolewi kwao. Mimi nitatoka na sanduku langu. Na wewe utabaki na nani? Na Vesela! Nyinyi wawili, jiko moja, choo kimoja, mpaka Radina afikishe miaka kumi na minane. Umelifikiria hilo?”

Slavka hakuwa amelifikiria. Alihesabu kwa vidole. Miaka kumi.

“Mungu wangu,” akasema.

“Basi ndiyo hivyo,” Krasimir akasema, akambusu tena, shavu la pili.

Wiki ile Slavka hakulala vizuri. Alimtazama Vesela akitia chumvi kwenye supu kabla ya kuionja, akajiambia: naam, nitasema. Alimwona akiacha dirisha wazi Februari, akajiambia: nitasema na hili. Lakini Jumatano, alipoamka alfajiri kunywa maji, alimkuta mkamwana wake ameketi sakafuni ukumbini, nje ya mlango wa Radina, kajifunika koti.

“Unafanya nini hapo?”

“Shh. Radina anaota ndoto mbaya tangu baba yake alipoanza kulala nje. Akishtuka aniite, nisichelewe.”

“Kitanda chako kiko hatua sita.”

“Sita ni nyingi, Mama,” Vesela akasema.

Slavka akanywa maji yake, akarudi chumbani. Akachukua mto wake wa pili, akautupa ukumbini. Kwake, hilo lilikuwa kama kukumbatia.

Siku ya kesi alivaa suti yake ya mazishi, maana ndiyo nzuri. Hakimu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa na mafua, na kila baada ya swali alipenga kamasi kwa adabu. Wakili wa Krasimir, kijana mwenye viatu vilivyong'aa kupita kiasi, akasimama akitabasamu.

“Bi Dimova, je, ni kweli kwamba mdai hajui kupika?”

“Ni kweli,” Slavka akasema. “Mkate wake wa jibini, banitsa, ukiuangusha utavunja kigae.”

Watu wakacheka. Vesela akainamisha kichwa. Wakili akakunjua mikono kama mtu aliyekwisha shinda.

“Na ni kweli kwamba aliwahi kumsahau mtoto shuleni?”

“Ni kweli. Mara moja. Dakika ishirini. Siku hiyo Vesela alikuwa na homa ya digrii thelathini na tisa.”

“Asante, inatosha...”

“Haitoshi, bado sijamaliza. Krasimir amemsahau mara nne. Mara moja alimsahau kwenye duka la matairi. Walipompigia simu akawauliza, mtoto gani?”

“Mama!” Krasimir akaita kutoka kiti chake.

“Nyamaza, wewe, niko kwenye kiapo.”

Hakimu akaiweka leso mezani. “Bi Dimova, mtoto anavaa kiatu namba ngapi?”

“Thelathini na mbili, cha kushoto kinambana.”

“Baba yake analijua hilo?”

Slavka akamgeukia mwanawe. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu, kama zamani alipokuwa na miaka saba na kavunja kioo cha duka la mikate. Moyo ukamuuma. Angeweza kusema analijua. Ni neno dogo, lisingemchubua mtu.

“Hapana,” akasema polepole. “Anampenda sana, mheshimiwa, hilo andika. Anamchekesha kuliko sisi sote. Lakini hajui. Hajawahi kujua. Na sehemu ya kosa ni yangu, maana mimi nilikuwa namfunga kamba za viatu mpaka darasa la nne.”

“Na mama wa mtoto?”

“Huyo anajua.”

“Mnapatana, wewe na mkamwana wako?”

“Ah, hatupatani kabisa! Miaka kumi na moja. Nikipewa nafasi nitakueleza habari ya madirisha.”

“Si lazima,” hakimu akasema, akapenga.

Nje ukumbini Krasimir alimshika mama yake kiwiko. “Umeniuza, Mama! Umeniuza mwanao!”

“Sikukuuza. Hakukuwa na mnunuzi.” Kisha akamrekebishia kola, kwa kuwa ilikuwa imepinda. “Nenda kajifunze kusuka nywele za binti yako. Siku zako za kukaa naye zitafika, nazo ziwe za maana.”

Hukumu ikatoka kabla ya Pasaka. Radina akae na mama yake. Baba awe naye Jumamosi na Jumapili, wiki ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, na mwezi mzima kiangazi. Nyumba watumie mama na mtoto. Krasimir akatoka na sanduku lake, akapanga chumba karibu na stendi ya mabasi. Wiki hiyo hiyo yule wa kiti cha nyuma akagundua kwamba pikipiki kwenye mvua si raha, akaenda zake.

Jioni ya kwanza wanawake wawili walikaa jikoni wakitazamana kama wachezaji wa chesi. Radina alikuwa amelala.

“Sasa nikuiteje?” Vesela akauliza. “Wewe si mama mkwe wangu tena.”

“Niite kama unavyoniita nisipokuwepo.”

“Hilo siwezi kulitamka ndani ya nyumba yenye mtoto.”

Slavka akajizuia kucheka, akashindwa, chai ikampalia. Vesela akampiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

“Basi niite Mama,” Slavka akasema alipopata pumzi. “Nishazoea. Lakini dirisha funga.”

Hawakugeuka malaika. Septemba, walipokaa kibarazani kuchoma pilipili hoho za kuweka akiba ya baridi, waligombana juu ya kiasi cha sukari ya kutia kwa saa nzima mpaka jirani wa chini akawaomba waamue, naye ajue kama anawapigia polisi simu au anakuja kuonja. Krasimir naye aliwashangaza. Wiki za mwanzo alimrudisha Radina na nywele kama kiota cha korongo. Akanunua kichwa cha sanamu kama cha wasusi, akakiweka juu ya friji, akafanya mazoezi baada ya kazi. Kufikia Krismasi mtoto alirudi na mikia miwili iliyonyooka, na Slavka akaikagua kila upande, asione kasoro.

“Si mbaya,” akasema. Krasimir akalitembeza neno hilo karakana nzima.

Siku moja akajaribu bahati. “Mama, njoo ukae kwangu. Nina jiko. Supu yako naiota.”

“Siwezi. Hukumu imemgawa mtoto na nyumba. Mimi hawakunigawa, nimebaki nilipokuwa.”

“Lakini wewe ni mama yangu!”

“Jumapili njoo na sufuria.”

Mwaka wa pili Vesela akaanza kuchelewa kurudi Alhamisi, akavaa hereni. Slavka akauliza mara moja, na jioni moja akaletwa mwanamume mmoja mpole, Ognyan, fundi wa kurekebisha sauti za piano, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kujiweka. Slavka alimketisha jikoni, akammiminia rakia, pombe kali ya plamu, akamhoji: anakunywa kiasi gani, anakoroma, mkewe wa kwanza alimwacha kwa nini, na ajibu bila kupamba. Ognyan akajibu yote, jasho likimtoka.

“Samahani,” akasema mwishoni, “sikuelewa vizuri. Wewe ni mama yake Vesela?”

Vesela, aliyekuwa akikata mkate, akasita, kisu kikiwa hewani.

“Mimi ni mama wa mtu mwingine,” Slavka akasema. “Huyu nilipewa na mahakama. Kula, supu inapoa. Chumvi imezidi, lakini utazoea.”