Umunyari wa Uani na Macho ya Shefu

Mtanisamehe makosa ya maandishi na mwandiko unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu hauna haraka.

Enzi zetu pale Magara, sisi rika moja, kila nyumba ilizungushiwa umunyari, ule mti wa vijiti vya kijani unaotoa maziwa meupe ukiuvunja. Tulicheza mpira wa majani ya migomba kando yake, huku tukinusa mawese yakichemka na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, zikikauka mchangani. "Mucheze kote, lakini maziwa ya ule muti musiguse," mama alituonya. Watoto wa leo hukatazwa simu, nao huigusa. Sisi tuligusa mti.

Tulikuwa na mbwa wetu, Shefu. Alipenya tundu la ua kila asubuhi akala ndagala za jirani, Mama Asha. Siku moja Mama Asha akatuambia, "Hiyo imbwa yenu, iko siku itanijua." Mimi na dada yangu Neema tukaogopa. Tukakata matawi mabichi ya umunyari, tukayachomeka kwenye tundu ili Shefu asipite.

Kesho yake Shefu alirudi analia, macho yamefumba, anasugua uso mchangani.

"Mama Asha amemumwagia pilipili," Neema akasema.

Nami niliamini. Niliogopa kumshitaki, ila nilipita mlangoni kwake bila kumsalimia kwa amahoro, mara mbili.

Jioni Mama Asha akaja mwenyewe, mtoto mchanga mgongoni. Alimshika Shefu, akamfungua kope, kisha akatazama ule ua.

"Nani alikata muti?"

Akamwosha macho kwa ndoo nzima ya maji. Halafu akakamua maziwa yake mwenyewe, akamdondoshea, kama wanavyofanyiwa watoto walioingiwa na maziwa ya umunyari machoni.

"Ndagala zangu imekula," alisema, "sasa inakunywa na ya mutoto wangu. Neema, usicheke, shika kichwa."

Sijui ni maji au ni maziwa yaliyosaidia. Jicho moja lilipona, la pili likabaki jeupe. Hatukumwomba radhi, na nadhani alijua tulichomdhania.

Sasa nimepanga Kabezi, na nyuma ya nyumba uko umunyari mrefu kuliko mimi. Nina mbwa mdogo anayetafuna kila kitu. Mwenye nyumba anasema, "Mbuzi wanapita hapo kila siku, iko salama." Mdogo wangu ameuliza simu yake, akasoma, akacheka, akaendelea na video. Siwaamini mbuzi, simwamini mwenye nyumba, na simu siijui. Nimemfunga mbwa kamba, naye ananitazama kama mwizi.

Zamani jirani alikuja bila kuitwa. Siku hizi kila mtu amefunga lango lake, na mimi sina ujasiri wa kubisha hodi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mliokulia ndani ya ua ule. Niambieni, hata kwa mistari miwili: niung'oe umunyari, au niuache tu nimfungue mbwa?